Kabla ya Kununua Upanga: Ushauri kwa Anayetaka Kujifunza Silaha za Jadi za Japani

Vijana wanaoniuliza namna ya kuanza mafunzo ya silaha za jadi za Japani huanza karibu wote na upanga: uwe wa chuma au wa mbao, uwe na urefu gani, na ununuliwe wapi. Nimefanya mazoezi hayo kwa miaka kadhaa mjini Fukuoka, kwanza nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu na baadaye nikiwa mfanyakazi, na jibu langu ni kwamba swali la upanga lisubiri. Linalotangulia ni hili: nani atakayesimama mbele yako akiwa ameshika silaha ya pili?

Mapokeo ya kale, yaani yale yaliyoasisiwa kabla ya mageuzi ya Meiji ya mwaka 1868 yaliyomaliza utawala wa mashogun, yaani majemadari wa kijeshi, kwa sehemu kubwa hayafundishwi kwa mashindano, bali kwa kata, miondoko iliyopangwa ambayo watu wawili huitekeleza wakiwa wanakabiliana. Kwa kawaida anayeshambulia, uchidachi, ni mwalimu au mwanafunzi wa siku nyingi, naye ndiye anayeshindwa mwishoni; anayejibu, shidachi, ni yule mchanga, naye hushinda kila mara. Mtazamaji mgeni hudhani kwamba mkubwa anamwigizia mdogo. Ukweli ni kwamba uchidachi ndiye anayeshika usukani wa zoezi zima, kwa kuwa yeye huamua umbali, kasi, uzito wa pigo na wakati wa kulishusha. Ukiwa bado unababaika, hukuachia nafasi ndogo ya kufikiri. Ukishazoea, huiondoa nafasi hiyo bila kukuambia, na kata uliyodhani unaijua wiki iliyopita inakuwa ngeni kabisa. Ndiyo sababu uchidachi mzuri ana thamani kuliko silaha yoyote inayouzwa dukani, na ndiyo sababu pia video, hata zilizopigwa vizuri, hazitoshi: zinakuonyesha mikono ilipopita, lakini haziwezi kukusogelea.

Mimi nilijifunza Shinto Muso-ryu, mapokeo ya jo, ambayo ni fimbo ya mwaloni mweupe yenye urefu wa sentimita 128 na unene wa sentimita 2.4. Simulizi za mapokeo hayo zinasema kwamba mwasisi wake, Muso Gonnosuke, aliibuni fimbo hiyo mwanzoni mwa karne ya 17 baada ya kushindwa na Miyamoto Musashi, mpiga upanga mashuhuri, na kwamba alipata ufunuo wake katika mlima Homan, ulio karibu na Dazaifu, mji jirani na Fukuoka. Sehemu ya ufunuo ni ya kuaminiwa na anayependa. Lililo wazi ni kwamba jo ilidumu katika himaya ya ukoo wa Kuroda huko Fukuoka, kisha katika karne ya 20 mwalimu Shimizu Takaji akaifundisha Tokyo, pamoja na polisi wa jiji hilo, na mwaka 1968 Shirikisho la Kendo (mchezo wa upanga) la Japani likaweka kata 12 za jo ambazo leo hufundishwa nchini kote. Anayeishi mbali na walimu wa mapokeo ya kale anaweza kuanza na kata hizo bila kuona haya.

Katika jo, mkubwa hushika upanga wa mbao na mchanga hushika fimbo, na hupita muda mrefu kabla hujaruhusiwa kubadilishana naye. Pigo lililonifundisha zaidi ni hikiotoshi, ambalo fimbo hushuka juu ya upanga wa mwenzako na kuuondoa njiani. Ukilipiga kwa nguvu za mikono, mbao zinagongana kwa sauti kavu, fimbo inapata makovu, viganja vya mwenzako vinauma, na upanga unabaki pale pale. Ukilipiga kwa kugeuza kiuno na kuiacha fimbo iteleze kando ya upanga, ncha ya upanga inaanguka nyuma ya mwenzako karibu bila kelele. Tofauti hiyo haiwezi kupimwa kwa kupiga hewa, na si kila mwenzako atakuambia ukweli. Wapo wanaouangusha upanga wao makusudi, kwa adabu tu. Unapotembelea dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, kwa mara ya kwanza, omba kuketi pembeni na uangalie hasa jambo hili: je, wakubwa wanawapa wachanga upinzani wa kweli, na je, wanasimamisha silaha kwa uhakika karibu na kichwa cha mwenzao? Wakikosa la pili, aga kwa heshima uondoke.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Dojo nyingi zina fimbo na panga za mbao za kuazima. Panga nyingi za mbao nchini Japani hutengenezwa Miyakonojo, mkoani Miyazaki, na ni imara, lakini pitisha kitambaa juu ya mbao kabla ya kila zoezi ili kutafuta vibanzi na nyufa. Upanga wa chuma chenye makali unahitaji hati ya usajili kwa sheria ya Japani, na mwanafunzi mchanga hana kazi nao.

Anayetarajia kurudi Afrika Mashariki ana jambo la ziada la kufikiria, kwa sababu nyumbani huenda asipate wa kusimama mbele yake. Mapigo ya msingi ya jo, ambayo ni 12, yanaweza kufanywa peke yako uani, au ndani mradi dari isiwe karibu, na yatakulindia mwili. Kata zitafifia. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, mwombe mwalimu akufundishe japo upande wa uchidachi wa kata chache za mwanzo, na umwulize waziwazi kama anakuruhusu kumwonyesha mtu mwingine.