Kwa anayeanza kusomea sheria za akili unde

Kwanza usigombanie jina. Wengine watakwambia akili bandia, Tanzania wanasema akili mnemba. Mimi napenda "unde", maana hapa Lamu kuunda ni kazi ya mafundi wa majahazi wa Matondoni.

Kinachochosha ni maana. Kwenye darsa moja karibu na gati niliombwa niieleze, nikakurupuka: mashine inayofikiri kama binadamu. Nahodha mmoja mzee akauliza, "Na kalkuleta je, mwanangu?" Nikarekebisha: programu inayopokea data na kutoa uamuzi. Hapo nikanasa hata jedwali la kompyuta la kupimia samaki. Nikapunguza tena: programu inayojifunza yenyewe kutokana na data. Jedwali likaachiliwa, lakini programu ya mikopo ya simu iliyomnyima mwana wa nahodha nayo ikaponyoka, maana ilifuata kanuni zilizoandikwa na mtu. Na huyo kijana ndiye aliyeumia!

Wakubwa pia wamekwama hapo. Rasimu ya sheria ya Umoja wa Ulaya ya Aprili 2021 ilieleza akili unde kwa orodha ya mbinu za kuiunda, hadi za takwimu za kawaida. Kabla haijapitishwa, Novemba 2022 ikaja ChatGPT, ikabidi waongeze kanuni za mifumo ya kazi nyingi. Sheria iliyopata nguvu rasmi tarehe 1 Agosti 2024, masharti yake yakianza kwa awamu, haina tena ile orodha. Uzito wake umewekwa kwenye matumizi: kuchuja barua taka karibu ni huru, kupima nani anastahili mkopo ni hatari kubwa, yenye masharti yake.

Ni kama gatini. Mashua ya tanga yenye injini nyuma uiite nini? Bora uulize inabeba abiria wangapi na maboya yako wapi. Nawe ukipewa mfumo, uliza unaamua nini, juu ya nani, na nani atajibu ukikosea. Mambo ya neva bandia, yaani jinsi mifumo hii inavyojifunza kwa ndani, yaache baadaye.

Kwetu Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hakihangaiki na akili unde ni nini. Kinashika uamuzi uliofanywa na mtambo peke yake ukamgusa mtu pakubwa, na kinampa haki ya kuomba uangaliwe upya. Tulikaa na yule kijana tukaandika barua yake, ukurasa mmoja. Neno akili unde halimo.