Samaki anagonga, ndoana inarudi tupu

Swali: Ndugu Mhariri, navua kwa fimbo ufukweni penye mawimbi. Chambo changu bandia kina urefu wa sentimita 14 na ndoana mbili za ncha tatu, mshipi ni wa kusuka, fimbo ni ya mita 3. Karibu kila nikitoka nasikia "tok, tok" mkononi, nakurupuka kuvuta, sipati kitu. Wenzangu wananishauri nibadilishe rangi. Nimeshajaribu rangi nne na hali ni ile ile. Nakosea wapi?

Jibu: Rangi iache kwanza. Mguso unaofika mkononi ni mmoja, lakini wanaoweza kuuleta ni wengi, na wengine si samaki kabisa. Kwa hiyo kila ukigongwa bila kunasa, kirudishe chambo, kigeuzegeuze kwenye mwanga ukisome.

Mikwaruzo mipya karibu na mkia ina maana samaki mwenye meno, tuseme mzia, ameuma nyuma ya ndoana yako ya mwisho. Gamba moja au mawili madogo kwenye ncha ya ndoana ni kundi la mkizi au dagaa: mshipi ulipita katikati yao, na hakuna hata mmoja aliyetaka kula. Ukikuta mwani, jibu unalo. Ukikuta ndoana ya mbele imejisokota na mshipi, basi ilinasa wakati wa kurusha. Chambo kimekuja kinyumenyume kikitetemeka njia nzima, na ule mtetemo ndio uliodhani ni samaki. Chambo kikiwa safi hakina alama yoyote, yamebaki mawili: ama samaki amekipiga kwa mkia au ubavu, ama amekivuta mdomoni na kukitema.

Hili la mwisho linahitaji maelezo, maana ndilo linalowasumbua wengi wanaotumia mshipi wa kusuka. Samaki wengi wawindaji hawaumi kama mbwa. Hufungua mdomo ghafla, maji yakaingia kwa kasi pamoja na mawindo, kisha maji hutokea kwenye matamvua na mawindo hubaki. Nguvu hiyo ya kufyonza ni kubwa lakini haifiki mbali. Huishia mbele ya mdomo kwa umbali unaokaribia upana wa mdomo wenyewe. Samaki mdogo anayeelea anaingia bila shida. Chambo kilichofungwa kwenye mshipi usionyumbuka, na fimbo imeelekezwa moja kwa moja kwake, hakiwezi kuingia: kinagusa midomo, wewe unasikia "tok", basi.

Dawa yake ni kukipa chambo nafasi ya kusogea sentimita chache. Unganisha mbele ya mshipi wa kusuka kipande cha nailoni cha mita 1 hadi 1.5, kwa sababu nailoni inanyumbuka. Shika fimbo ikifanya pembe ya nyuzi 45 hivi na mshipi, ili ncha ndiyo iinamie samaki anapofyonza. Mshipi wenyewe usilegee. Unaotakiwa kuwa laini ni ncha ya fimbo, na watu huchanganya mambo haya mawili kila siku.

Tukija kwenye mawimbi, hapo ndipo tunaposhuku kosa lako zaidi. Wimbi linapoingia hukibeba chambo kuja kwako, mara nyingi kwa kasi kuliko unavyozungusha rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi. Mshipi unalegea, chambo kinaacha kuogelea na kuanza kugaagaa. Samaki aliyekuwa akikifuata nyuma anakikumba, na hata angekiuma sawasawa, mshipi umelegea na ndoana haina cha kuivuta. Maji yanaporudi baharini mambo yanageuka: yanakikokota chambo kwenda nje, na wewe ukizungusha kwa mwendo ule ule unakikimbiza mno.

Basi usizungushe kwa mwendo mmoja. Kama kawaida yako ni mzunguko mmoja kwa sekunde, wimbi likikinyanyua chambo peleka miwili. Maji yakirudi nyuma, shuka hadi nusu, kwani mkondo wenyewe unakichezesha. Kipimo chako ni mtetemo wa chambo kwenye ncha ya fimbo. Ukipotea, ongeza hapo hapo. Ukiwa mkali hadi fimbo inatikisika, punguza.

Upepo wa ubavuni nao una wizi wake. Chambo kikiwa mita 60 mbele, upepo hupinda mshipi ukawa kama upinde, na ukivuta kwa nguvu unanyoosha upinde huo tu, ndoana haijasogea. Linganisha mahali mshipi unapoingia majini na mahali chambo kilipoangukia. Kama pamepishana sana, shika mshipi kwa kidole kabla chambo hakijagusa maji, shusha ncha ya fimbo mara kinapotua, na ikibidi hamia pembeni ili urushe upepo ukiwa mgongoni au usoni.

Ukubwa nao uutazame. Mawimbi yakitupa vidagaa vya sentimita 6 kwenye povu, chambo cha 14 kitafuatwa na kuguswa zaidi ya kuliwa. Chukua cha chuma cha sentimita 7 au 8 chenye gramu 30 hadi 40. Ni kifupi lakini uzito wake utakifikisha mbali.

Na ukigongwa, usikurupuke. Endelea na mwendo ule ule kwa mizunguko mitatu. Akikaa kimya, simama sekunde moja, kisha endelea. Ukikosa, rudisha chambo kwenye njia ile ile, na ubadilishe kitu kimoja tu kila baada ya kurusha mara tatu: kwanza mwendo, kisha kina, kisha ukubwa. Rangi ije mwisho. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na ukapata samaki, hutajua ni kipi kilichomleta.

Swali: Natumia chambo cha mpira cha sentimita 12 chenye kichwa cha risasi. Kila mara mkia unarudi umekatwa kama kwa mkasi. Nipeleke ndoana nyuma kwa njia gani?

Jibu: Njia ya haraka ni kukata sentimita 2 upande wa kichwa kabla ya kuvisha mpira. Usiguse mkia, huo ndio unaoogelea. Ndoana ile ile sasa itatokea karibu zaidi na mahali wanapouma.

Isipotosha, ongeza ndoana ndogo ya pili. Ifunge kwa uzi wa kusuka wenye nguvu ya kilo 20 hivi, au waya mwembamba kama samaki wako ni wa meno, kuanzia kwenye mpindo wa ndoana ya kwanza. Pima ili ncha yake ikae sentimita 2 au 3 kabla ya mwisho wa mkia, kisha ichome kidogo kwenye mpira ishike. Acha uzi ulegee milimita 3 au 4. Ukiukaza, mpira unajikunja na mkia hauchezi, na utakuwa umetatua tatizo moja kwa kununua jingine.

Angalia pia unene wa mpira. Samaki anapobana, mpira hukusanyika kwenye mpindo wa ndoana na kuziba nafasi. Kutoka mgongo wa mpira hadi ncha ya ndoana pabaki wazi angalau nusu ya upana wa mpindo. Kama hapafiki, ndoana ni ndogo hata kama kwa macho inaonekana kubwa.

Swali: Kolekole wanakirukia chambo cha juu ya maji, maji yanaruka, navuta, nakosa. Kila mara.

Jibu: Unavuta kwa macho. Jicho linaona maji yakiruka kabla mkono haujasikia uzito, na pengine pigo la kwanza lilikuwa la mkia, la kumlevya samaki mdogo kabla ya kugeuka kumla. Ukivuta hapo unamnyang'anya chakula. Endelea kukichezesha chambo kana kwamba hujaona kitu hadi fimbo ijipinde yenyewe. Hapo zungusha rili kwa nguvu kuondoa ulegevu, kisha vuta fimbo kwa ubavu, si juu. Kuvuta juu kukikosa, chambo kinachomoka majini na kukurukia usoni kikiwa na ndoana zake zote.

Kwenye povu zito samaki pia hukosea shabaha. Chambo kinachorukaruka huku na huku hapo kinamtatiza. Kipe mwendo ulionyooka, na kikazie maji tulivu yaliyo nyuma ya wimbi.

Swali: Ndoana ya ncha moja ni bora kuliko ya ncha tatu? Na breki ya rili niikaze kiasi gani?

Jibu: Inategemea anavyouma. Kwa anayekipiga chambo ubavuni, ncha tatu zina nafasi zaidi ya kumdaka. Kwa anayeuma vizuri, ncha moja huzama zaidi, kwani nguvu yako yote inaenda sehemu moja; ncha mbili zikigusa pamoja zinagawana nguvu na huenda isizame hata moja. Unaweza kuacha ya ncha tatu tumboni na kuweka ya ncha moja mkiani, lakini zilingane uzito na zile ulizoondoa, la sivyo chambo kitaogelea kikiinama.

Makali yapime kwa ukucha: weka ncha kwa mshazari, iburute taratibu bila kukandamiza. Ikinata, ni kali. Ikiteleza, inoe kwa tupa ndogo kwa kuelekea upande mmoja tu, au itupe. Kwenye mchanga na mawe ncha huchakaa haraka, kwa hiyo rudia kipimo kila ulipokwaa chini.

Breki ipime kwa mizani ya kuning'iniza iliyofungwa mwisho wa mshipi, fimbo ikiwa imepinda: iachie kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya sehemu iliyo dhaifu zaidi. Mshipi wa kilo 15 wenye kipande cha mbele cha kilo 12 hupigiwa hesabu ya 12, yaani kilo 3 hadi 4. Ikiwa chini ya hapo, ukivuta kukita ndoana rili inatoa mshipi na ndoana haisogei, hasa kama ni nene. Ukiona hivyo mara kwa mara na hutaki kukaza zaidi, kibonyeze kwa koleo kile kijino cha nyuma ya ncha. Ndoana itaingia kwa nguvu ndogo, ila tangu hapo usimpe samaki mshipi uliolegea hata kwa sekunde moja.