Aliyeanua dagaa za mfiwa

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, Mkristo aliyetuma rambirambi kwa simu amefika msibani?", limenigusa pabaya. Nilitaka kujibu hapana na kuishia hapo. Simu haichimbi kaburi wala haikeshi na mfiwa. Tena visingizio vimepungua. Zamani mtu wa Sengerema, akija huku Mwanza, alisema kivuko kimemchelewesha Busisi. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi liko wazi, kilomita 3 unazimaliza kwa dakika chache.

Lakini kuna swali ambalo hamkuuliza, nalo ndilo linalonisumbua zaidi: sisi tunaofika, tunafika kufanya nini?

Mume wa shangazi yangu alifariki huku kwetu Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria, wakati wa vuli. Shangazi ni mfanyabiashara wa dagaa. Ananunua ufukweni alfajiri mitumbwi inaporudi, anaanika, kisha anapeleka soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Siku hiyo mwezi ulikuwa giza, wavuvi walipata, naye akachukua mzigo mkubwa kuliko kawaida yake, kwa mkopo wa VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa. Alikuwa ameshaanika, nyingine kwenye chanja, nyingi juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, ndipo taarifa ikaja kutoka hospitali.

Alasiri jumuiya ikafika kusali rozari. Tulikuwa kwenye tendo la nne la uchungu, Yesu anachukua msalaba, wingu zito likapanda kutoka ziwani na upepo ukaanza kupiga turubai. Mama mmoja wa jumuiya, muuza maandazi wa pale senta, akainuka katikati ya Salamu Maria, akajifunga khanga kiunoni. Mwongoza sala akamkazia macho. Jirani yake akamnong'oneza, "Mama, tumalizie kwanza." Akajibu bila kupunguza sauti: "Nyie endeleeni. Dagaa za mfiwa zitalowa."

Wanawake wachache wakamfuata, na sisi vijana nyuma yao. Dagaa zinazokaribia kukauka zikinyeshewa ndiyo basi. Zinabadilika rangi, zinanuka, na mnunuzi anazitaka kwa bei ya chakula cha kuku. Mama yule aliijua kazi. Alikunja nyavu kutoka pembeni kuja katikati, akazoa kwa ungo, akapepeta mchanga harakaharaka, akajaza magunia. Kijana mmoja alipoanza kushindilia kwa mguu alimzuia: "Usibane mwanangu, bado zina unyevu, zitachemka usiku." Mvua ilitukuta na gunia la mwisho mlangoni mwa stoo. Mikono yake ilijaa magamba mpaka viwikoni. Akanawa kwa maji yaliyokuwa yanamwagika kutoka kwenye bati, akarudi kuketi karibu na shangazi, asiseme neno. Shangazi akaisikia harufu ile, akaelewa, akamlalia begani. Tangu asubuhi hakuwa ametoa chozi.

Jioni maneno yakaanza. Mzee mmoja, ambaye namheshimu mpaka leo, akakumbusha Luka 10, kwamba Maria aliyeketi miguuni pa Bwana ndiye aliyechagua fungu lililo jema, si Martha. Ni kweli. Lakini habari za Martha haziishii hapo. Katika Yohana 11, kaka yao akiwa kaburini, Martha huyohuyo ndiye anayetoka kumlaki Yesu, na katika sura ya 12 yuko tena anatumikia, safari hii bila kukemewa. Tena dada wote wawili walimlilia Yesu kwa maneno yaleyale: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Yeye aliyekuwa anakwenda kumfufua Lazaro alilia kwanza pamoja nao. Kwa hiyo kuwapo ni jambo kubwa, silipunguzi. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wavuvi waliingia ziwani na mitumbwi yao bila kungoja kuagizwa.

Ila kadiri ninavyoandika, ile hapana yangu inalegea. Dagaa ziliuzwa, deni halikuisha. Aliyelimaliza ni mpwa wa marehemu aliyeko Dar es Salaam, ambaye hakufika mazishini na alisemwa sana. Alimpigia shangazi akamuuliza waziwazi, "Mama, unadaiwa kiasi gani?" Akatuma. Pale msibani watu walikula, wakaandikwa kwenye daftari la rambirambi, na sikumsikia hata mmoja akiuliza habari za deni.

Basi jibu langu ni hili. Mpwa yule hakufika msibani, hapo sibadiliki. Lakini amemtumikia mfiwa, na sithubutu kumweka nyuma ya mtu aliyeshinda kwenye kiti cha plastiki akingoja sahani. Simsemei mtu wa mtaa mmoja na mfiwa, mzima wa afya, anayejificha nyuma ya muamala. Huyo avae viatu aende. Mgonjwa, mwenye kichanga, aliyenyimwa ruhusa kazini, hao watume wala wasijione wamepungukiwa. Na atakayetuma apige simu tena wiki mbili baadaye, maturubai yakisharudishwa, kwa sababu shangazi alianza kuhangaika na mirathi wakati huo, na ndipo alipohitaji mtu wa kumsindikiza mahakamani.