Kabla ya kuuliza dawa, uliza vipokezi

Karatasi yangu ya majibu ya saratani ya titi ilikuwa na vifupisho vitatu vya vipokezi, yaani protini za seli zinazopokea amri: ER (cha homoni ya estrojeni), PR (cha homoni ya projesteroni) na HER2 (cha ishara za ukuaji), ambavyo kwa miezi miwili sikuvijali. Macho yalikuwa yameganda kwenye neno saratani. Wewe usifanye hivyo.

Kwanza kinyama chenyewe, kile kipande kinachokatwa kwenye uvimbe ili kipimwe. Changu kilisafirishwa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam kwenye kichupa, majibu yakarudi hayaeleweki, ikabidi nikatwe tena. Siku hizi kila anayenipigia simu namwambia: uliza kinyama kimetiwa formalini, dawa ya kukihifadhi kisiharibike, saa ngapi. Kikichelewa, vipokezi vinaweza visionekane maabara, ukaandikiwa hasi kumbe unavyo, na dawa ya kukufaa ikakupita.

Kipokezi cha estrojeni ni protini iliyo ndani ya seli. Homoni ikikinasa, seli hupata amri ya kugawanyika. Tamoksifeni, kidonge nilichoandikiwa, huwahi kukalia nafasi hiyo. Mimi nikadhani basi, mlango umefungwa. Daktari akacheka: "Mama, umefunga mlango wa mbele. Je, aliye ndani akifungua komeo la uani?"

Aliye ndani ni ishara za ukuaji. HER2 ni protini iliyo kwenye utando wa seli. Ikizidi, ishara hupokezanwa protini kwa protini hadi moja inakibandika kipokezi cha estrojeni fosfati, kemikali ndogo inayofanya kazi kama swichi. Kwa fosfati hiyo kipokezi kinaweza kuamka hata estrojeni ikiwa haba, na tamoksifeni ikapungua nguvu. Ndiyo maana mwenye ER chanya na HER2 chanya huhitaji pia dawa ya kuzuia HER2, kama trastuzumabu. Saratani ikirudi, omba vipimo virudiwe, kwa sababu vipokezi vinaweza kubadilika.

Mimi ni ER chanya, HER2 hasi: tamoksifeni miligramu 20 kila siku, miaka 5, pengine 10. Kidonge chenyewe kidogo, lakini joto lake! Novemba ya Mtwara inakuchoma kwa nje, nacho kinakuchoma kwa ndani. Shoga yangu akasema, "Si umeshapona? Achana navyo." Msimu wa korosho nilienda shamba Newala nikaviacha nyumbani wiki tatu, na kusema kweli sikuvisahau. Nililala vizuri mno. Kliniki nilikiri, nikagombezwa, nikastahili.

Jambo jingine ambalo wengi tunaona haya kulisema: ukishakoma hedhi halafu ukaona damu ukiwa kwenye tamoksifeni, nenda hospitali wiki hiyo hiyo, maana dawa hii huongeza hatari ya saratani ya mji wa mimba.

Vidonge vyangu sasa vinakaa kwenye kopo la chumvi jikoni. Ugali hausongwi kabla sijameza.