Barua kwa mwanangu aliyeuliza kwa nini mumewe haachi nipa, pombe kali ya mabibo ya korosho

Lindi, Mtanda

Mwanangu Asha,

Marahaba. Unauliza: "Mama, baba Zuhura simnyimi kitu, nyumbani hatugombani, mbona nipa anaipenda kuliko sisi?"

Haipendi, mwanangu. Anayeipenda pombe hunywa na wenzake, akacheka, akarudi kulala. Mumeo anaamka alfajiri anatafuta kikombe kabla hajanawa uso. Huyo anatafuta dawa. Kumuuliza kwa nini haachi hakutakufikisha popote. Muulize, saa akiwa hajalewa, hiyo pombe inamfanyia nini.

Kuna mambo matatu umeyaandika juujuu, nami ndiyo niliyoyashika. Baba yake alipofariki hakulia, alisimamia mazishi mpaka arobaini ikapita. Mwaka uleule aliuza korosho kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi kwa bei ya chini, zikiwa bado mtini, na minada ilipoanza wenzake wakapanga foleni benki, yeye hana cha kudai. Na kwamba amelelewa kwa kipigo.

Mwanamume wa kwetu hapewi nafasi ya kuhuzunika. Msibani anaambiwa kaza moyo, kazi ya Mungu haina makosa, na matanga yakishaanuliwa watu wanataka kumwona shambani. Aibu ya kangomba nayo haisemeki, maana kijiji kizima kinajua bei ya mnada na kila mtu anaweza kumpigia hesabu ya alichopoteza. Nipa inapooza yote hayo ndani ya dakika chache, wala haimuulizi kitu. Ubongo hujifunza haraka kinachoondoa maumivu, na ukishajifunza unakidai kila maumivu yakirudi.

La kipigo usilipuuze kwa kuwa ni la zamani. Utafiti wa Felitti na Anda, uliochapishwa Marekani mwaka 1998, uliwauliza watu zaidi ya 9,000 kuhusu utoto wao: kupigwa, kuona mama akipigwa, kuishi na mlevi ndani ya nyumba na mengine ya aina hiyo. Waliopitia aina 4 au zaidi walikuwa na hatari mara 4 hadi 12 zaidi ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua. Si kwamba kila aliyepigwa atakuwa mlevi. Lakini mtoto anayepigwa akilia hujifunza kuficha, na mtu mzima anayeficha kila kitu hana pa kupeleka msiba wake.

Sasa hiki watu wengi hawakijui. Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Ukinywa kila siku, ubongo nao hujikaza kushindana nayo. Alfajiri pombe ikishatoka mwilini, ule mkazo unabaki peke yake: mikono inatetemeka, jasho, moyo unakwenda mbio, na woga ambao mwenyewe hajui anaogopa nini. Anakunywa kuzimua, woga unatulia, naye anaamini nipa imemponya, kumbe imemwondolea woga ulioletwa na nipa ya jana. Kwa hiyo ana maumivu mawili, ya zamani na haya ya kila asubuhi, na kwa mdomo wake yote anayaita "nina mawazo".

Ndiyo maana nakukataza kabisa kumwaga chupa na kumfungia ndani aache siku moja. Aliyezoea kunywa kila siku akikatishwa ghafla huanza kutetemeka baada ya saa 6 hadi 24. Degedege linaweza kumpata ndani ya saa 48. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo, homa ikapanda, na hapo watu wanakimbilia kwa mganga wakidhani ana mashetani, kumbe anakufa. Mpeleke hospitali ya wilaya kabla hajaacha, na wakishindwa watamwandikia rufaa ya kwenda Ligula, hospitali ya mkoa kule Mtwara. Sema bila kuficha anakunywa kiasi gani kwa siku na mara ya mwisho alikunywa saa ngapi. Watampa dawa ya kutuliza, mara nyingi diazepamu, kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1 ambayo walevi huishiwa. Dawa hiyo usimnunulie dukani: ikichanganyika na nipa inaweza kumzimisha pumzi usingizini.

Mwili ukishatulia ndipo daftari liingie. Kila hamu ikimpanda aandike mstari mmoja: saa, alikuwa wapi, na nani, nini kimetokea saa moja kabla, na anahisi nini. Akiandika "mawazo" tu, muulize ya nini. Ni hasira, aibu, upweke, woga, au ana njaa na amechoka? Njaa na uchovu msivichekee, vimewarudisha wengi kilabuni. Hamu yenyewe hupanda na mara nyingi hushuka ndani ya nusu saa, hivyo ale, aoge, atembee kwa mtu wanayeelewana, nusu saa ipite. Baada ya wiki mbili mtaanza kuona saa zake mbaya ni zipi. Nahisi utakuta nyingi ni jioni, na nyingi ni baada ya watu kuzungumzia korosho.

Msiba ule nao auzungumze, kwa mshauri wa hospitali au mzee anayemheshimu. Wewe umsikilize bila kumpa mawaidha. Na ukimwona amekata tamaa muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo.

Upande wako: usimlipie deni la nipa, usimwombee ruhusa kazini kwa uongo, usizungumze naye jambo zito akiwa amelewa. Akikuinulia mkono, chukua watoto uondoke kwanza, halafu Dawati la Jinsia polisi. Maumivu yake yanaeleza kitu, hayampi ruhusa ya kukupiga.

Oktoba ni hatari kuliko miezi yote, mabibo yamejaa na fedha zinaingia kwa mkupuo. Mkubaliane Septemba, akiwa na akili zake, fedha zikiingia nani atakwenda naye benki na siku hiyo mtashinda wapi. Akirudia, msihesabu kwamba yote yamepotea, fungueni daftari muone ilikuwaje siku hiyo. Ila ajue kuwa mwili uliokaa miezi bila pombe haubebi tena kiasi cha zamani, na nipa haina kipimo. Chupa ileile ya nusu lita inaweza kumuua.

Niandikie daktari amesema nini. Wiki ya kwanza akilazwa, nileteeni Zuhura huku.

Mama yako