Ukitaka kuipenda black metal zaidi, mtafute anayeipiga

Msikilizaji wa black metal, tawi kali la metali (rock ya magitaa mazito ya umeme) lililovuma zaidi Norway, akiwa anaishi Mwanza huujua muziki huu kupitia simu yake tu. Kumbi za mjini zinapiga bongo fleva na singeli, bendi za hotelini zinapiga rumba, spika za Jumapili ni za kwaya, na hakuna mahali kati ya Kirumba na Buzuruga ambapo mtu anaweza kulipa kiingilio akayaona magitaa hayo yakipigwa mbele ya macho yake. Kwa hiyo tunaupenda kwa mbali, tukiwa na picha za misitu ya Norway na masimulizi ya uhalifu wa miaka ya 1990, huku kazi yenyewe ya kuupiga ikibaki fumbo. Ushauri wangu kwa aliye katika hali hiyo ni kwamba amtafute mwanamuziki anayeupiga, hata asiyejulikana, akae naye, na amuulize habari za mikono yake kabla ya kumuuliza habari za imani yake.

Mimi wa kwangu nilimpata mahali ambapo nisingemtafuta. Rafiki yangu ana studio ndogo ya kurekodi kwaya huko Igoma, na fundi aliyemwita kutoka Nairobi kuja kupanga vifaa vya sauti katika kanisa la jirani alikuwa, kumbe, mpiga gitaa wa kikundi kidogo cha black metal kwao. Mchana alihangaika kuondoa mvumo na mikwaruzo ili sauti za akina mama wa kwaya zisikike safi, na jioni, akishika gitaa lake, aliitafuta mikwaruzo ileile kwa bidii ileile.

Kitu cha kwanza alichonionyesha ni gitaa lisilochomekwa umeme, na hilo ndilo ninalolipendekeza kuliko yote, kwa sababu amplifaya huficha mengi. Mkono wa kulia ulishika kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi kwa ncha za vidole, kiwiko kikiwa kimetulia juu ya gitaa, na kifundo cha mkono peke yake ndicho kilichotikisika, chini na juu, kwa mwendo mfupi sana. Akanifanyia hesabu: wimbo ukienda kwa mapigo 180 kwa dakika, na kila pigo likibeba miguso minne ya uzi, mkono huo hugusa uzi mara 720 kwa dakika, yaani mara 12 kila sekunde, na huenda ukatakiwa kuendelea hivyo hadi mwisho wa wimbo. Anayekaza misuli hafiki mbali. Sauti ambayo kwenye visikizio huja kama mvua juu ya mabati ni noti mojamoja zilizohesabiwa, na hilo sikulijua hadi nilipouona mkono.

Mkono wa kushoto nao ulikuwa na habari yake. Metali ya kawaida hutegemea sana noti mbili nzito za chini, lakini yeye alibana nyuzi zaidi, kwa ule mpangilio wenye huzuni ambao wapiga kinanda wetu huuita maina, kisha akawa anahamisha kidole kimoja huku vingine vikibaki palepale, hivi kwamba noti moja ilipanda na kushuka ndani ya ukuta wa sauti usiosogea. “Msikilize huyu,” akasema, akikiinua kidole cha pete. Tangu siku hiyo nikisikiliza rekodi hutafuta kidole cha pete, na nyimbo nilizozidhania kuwa ni kelele nzuri nimekuta kumbe zina melodia ambayo mtu anaweza kuiimba kwa mluzi akiwa kwenye daladala.

Upigaji huo una historia, na mwanamuziki ataisimulia kupitia vidole badala ya tarehe. Jina la aina hii ya muziki lilitokana na albamu ya Venom, bendi ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1982, ingawa Venom wenyewe hawapigi hivyo. Bathory wa Sweden, ambao albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1984, waliukaribia zaidi. Mtindo wa noti zinazotembea ndani ya nyuzi zilizobanwa kwa pamoja, wanamuziki wengi wa Norway huwasifu kwa ajili yake wapiga gitaa wawili wa kwao, Euronymous wa bendi ya Mayhem na Snorre Ruch wa bendi ya Thorns.

Swali la pili la kumuuliza linahusu sauti mbovu. Wageni wa muziki huu hudhani kwamba rekodi zile husikika vibaya kwa sababu ya umaskini wa vifaa, na zipo ambazo ni hivyo, lakini fundi wangu alinipa mfano ambao ulinimaliza ubishi. Darkthrone, bendi ya Norway, walirekodi albamu yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 1991, katika studio ya kitaalamu huko Sweden, nayo inasikika vizuri. Watu haohao, mwaka 1994, wakatoa albamu iliyorekodiwa kwa mashine ya nyumbani yenye njia nne tu, ngoma zikienda karibu bila kubadilika, gitaa likiwa jembamba na lenye baridi. Walijua njia ya studio, wakaiacha. Mtu anayeishi kwa kusafisha sauti za makwaya anapokueleza ni kitu gani hupotea sauti ikisafishwa kupita kiasi, unamwamini zaidi kuliko unavyoweza kuniamini mimi.

Habari za damu na moto usizikwepe, hasa ikiwa unaishi, kama mimi, katika nyumba ambayo mama huamka alfajiri kwenda misa. Kanisa la mbao la Fantoft, karibu na Bergen, lilichomwa moto tarehe 6 Juni 1992. Euronymous aliuawa Agosti 1993, na mwaka uliofuata Varg Vikernes, mwanamuziki wa Burzum, akahukumiwa kifungo cha miaka 21 kwa mauaji hayo na kwa kuchoma makanisa. Mwulize mwanamuziki wako anafanya nini na historia hiyo, na umsikilize hadi mwisho. Wangu alijibu kwamba kuna rekodi ambazo hatazinunua kamwe, wala hazipigi mbele ya wengine, ingawa vidole vyake vimejifunza kutoka kwazo, na kwamba anayedai kuwa jambo hilo ni rahisi hajalifikiria. Jibu hilo liliniwezesha kuzungumza na mama yangu kwa uwazi zaidi kuliko miaka yote ya kuficha visikizio.

Mwalike pia aone mambo ya kwako. Nilimpeleka Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padri Mkanada, David Clement, ndani ya eneo la parokia. Nikamweleza habari za Bagika na Bagalu, vikundi viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu zamani, kila upande ukishukiwa kutumia dawa ili kuvuta watazamaji, na wachezaji wengine wakiingia uwanjani na chatu hai shingoni. Alicheka sana. “Kaka, wenzetu wa Oslo walichelewa,” akasema.

Kumpata mtu wa namna hiyo si kugumu kama unavyodhani. Nairobi ina wapigaji wa metali wa muda mrefu, Botswana ina bendi zinazojulikana hadi Ulaya, na Duma, kikundi cha watu wawili wa Nairobi ambao muziki wao unapakana tu na black metal, walitoa albamu mwaka 2020 kupitia lebo ya Kampala. Bendi ndogo husoma barua zao wenyewe. Ukiandika, taja wimbo na dakika, uliza jinsi mahali hapo palivyopigwa, na usianze kwa kuomba nyimbo za bure, kwani pesa ya albamu moja kwao ni nyuzi mpya.

Ukikosa kabisa, mpiga gitaa yeyote mzuri atakusaidia kwa sehemu. Nilimpelekea mzee mmoja wa bendi ya dansi, mpiga solo wa siku nyingi, wimbo mmoja wa Norway. Akausikiliza wote bila kukunja uso, akausifu mkono wa kulia, akasema mkono wa kushoto una uvivu, kisha akauliza mpiga besi amekwenda wapi. Swali hilo nililituma Nairobi. Fundi akajibu kwamba yupo, ila katika rekodi nyingi za aina hii gitaa limemfunika, na akanitajia albamu ya Mayhem ya mwaka 1994 kwa sababu humo besi inasikika wazi. Mzee ameshaniomba nimwekee kwenye simu.