Gemu zangu tano za 2024: majibu kwa waliouliza na waliokasirika

Kwa aliyeikosa orodha, ni hii: ya kwanza Balatro, ya pili Astro Bot, ya tatu Tales of Kenzera: Zau, ya nne Animal Well, ya tano Prince of Persia: The Lost Crown. Nimeyachukua maswali yaliyorudiwa zaidi.

Kenzera ina sauti za Kiswahili, halafu unaiweka ya tatu? Ilistahili ya kwanza. (Msomaji, Tanga)

Ndugu yangu, uchungu wako naujua. Miaka yote nimecheza gemu kwa lugha za watu, macho yakikimbizana na maandishi chini ya kioo. Kumsikia Zau akizungumza Kiswahili kulinigusa mahali ambapo gemu nyingine haijafika.

Ilitoka tarehe 23 Aprili, kazi ya Surgent Studios ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Alifiwa na baba yake, na msiba huo ndio alioufanya hadithi. Zau, mganga kijana, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kumwomba amrudishie baba yake. Kalunga anakubali kwa sharti: kwanza umletee mizimu mitatu mikubwa. Zau anapigana kwa vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, akivua kimoja na kuvaa kingine katikati ya pigano. Lakini ninachokikumbuka ni mbuyu. Anaketi chini yake, ananyamaza, anazungumza na Kalunga juu ya hasira na hofu yake. Aliyewahi kufiwa anajua: watu huja, hupika, hulia nawe, kisha matanga yanaanuliwa na unabaki na maswali yako. Hapo niliweka pedi ya kuchezea chini kwa muda.

Mbona basi ya tatu? Kwa sababu ya mapigano. Maadui ni wa aina chache, na kuanzia katikati unakutana na walewale, kwa mbinu zilezile. Nikiipa nafasi ya kwanza kwa ajili ya lugha peke yake nitakuwa nimeipa sadaka, nayo haikuomba sadaka. Prince of Persia ni ya ukoo huohuo wa kuruka, kupotea na kurudi ulikopita, na yenyewe imetiwa sauti za Kifarsi. Mapigano yake ni matamu zaidi, ila ni ndefu kupita haja yake na hadithi haikunishika. Ninaisifu kwa jambo moja ambalo natamani wote waige: ukikwama mahali, unapiga picha na kuibandika kwenye ramani, ukirudi baada ya wiki unajua ulikwama wapi.

Mwanangu wa miaka 13 anacheza Balatro kwenye simu. Naona karata na chipsi za poka. Hii si kamari? (Mama, Mombasa)

Shikamoo mama. Si kamari. Hakuna hela inayowekwa wala inayotoka. Unainunua mara moja, kisha inachezwa hata bila intaneti. Umbo lake ni poka: kopa, uru, shupaza na pau, ukipanga tano za aina moja, mfano kopa tupu, unapata pointi. Utamu uko kwa majokeri, yaani karata za joker, ambao ni 150, na kila mmoja anapindisha sheria kwa namna yake. Yuko anayeongeza kizidisho kwa kila karata ya uru utakayoitumia. Ukimweka karibu na mwenzake anayefaa, pointi mia zinakuwa maelfu. Mtoto anayeicheza vizuri anafanya hesabu za kuzidisha kichwani bila kulazimishwa na mtu, na ndiyo maana nimeipa nafasi ya kwanza.

Hofu yako ni ya haki, maana kubeti kumeingia kwenye kila simu. Hata Ulaya gemu hii ilipewa alama ya miaka 18 kwa sababu ya picha za poka, kisha Februari 2025 ikashushwa hadi 12. Aliyeitengeneza ni mtu mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk, na amesema wosia wake unakataza Balatro isiuzwe kamwe kwa kampuni za kamari. La kumwekea mtoto ni saa ya kulala, kwa sababu raundi moja huvuta nyingine.

Kompyuta yangu ni ya zamani na bando ni la kupima. Nianze na ipi? (Msomaji, Bujumbura)

Animal Well. Haifiki megabaiti 100. Billy Basso aliijenga peke yake kwa takriban miaka saba. Wewe ni kidude kidogo kwenye kisima cheusi, huna upanga wala bunduki, na hakuna anayekueleza kitu. Unaokota fataki, unaokota yoyo, unagundua mwenyewe kinachofanywa nayo. Icheze usiku, na headphone masikioni.

Black Myth: Wukong umeisahau?

Sijaisahau. Iliuza nakala milioni 10 ndani ya siku tatu, na sanaa yake ni ya kustaajabisha. Inadai gigabaiti 130 za nafasi, na baada ya yote hayo nilichopata ni bosi baada ya bosi, yaani adui mmoja mkubwa baada ya mwingine.

Na Helldivers 2?

Nilicheka nayo sana na marafiki. Lakini Mei 2024 Sony walitangaza kwamba wachezaji wa kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PlayStation, huduma ambayo kwetu haipo rasmi. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi 177. Wachezaji walipiga kelele na baada ya siku chache sharti likafutwa, ila mimi bado inaniuma kwamba mtu aliyelipa hela yake angeweza kufungiwa mlango kwa sababu ya anakoishi.

Sina PS5. Astro Bot nitaionea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Tafuta banda lenye PS5, mwombe mwenye banda aiweke hata kama wengine wanasubiri mpira. Shika pedi kwa mikono yote miwili: mvua ikinyesha kwenye kioo, utaisikia viganjani, tone kwa tone. Kisha omba hatua ile ambayo roboti anapungua na kuwa mdogo kama panya. Vitu vilivyokuwa mapambo tu, ghafla unatembea ndani yake.